Mgagani Lazima Ulale

Pelagia wa Bweri hana kabati la vioo sebuleni kama majirani zake, na hajawahi kulitaka. Yeye utajiri wake ni mbegu. Za bamia zimo ndani ya soksi ya mtoto, za maboga kwenye kopo la maziwa ya unga, kunde zimechanganywa na majivu ndani ya galoni la mafuta ya kula. Mlenda, mnavu, mchicha, kila moja ina fundo lake la kitambaa, na mafundo yote yalikuwa yananing'inia juu ya jiko la kuni, meusi tii kwa moshi. Ukimuuliza fundo hili ni la nini, hafungui. Analibinya, analitikisa karibu na sikio, halafu anakujibu.

Mumewe, Wanzagi, ni mtu wa mpangilio. Alifanya kazi ya stoo kwenye kiwanda cha pamba huko Bunda mpaka akastaafu, na hata nyumbani nyundo yake ina msumari wake ukutani. Yale matambara ya jikoni yalikuwa yanamkera kweli. Basi Pelagia alipokwenda Kiabakari kwenye msiba wa shangazi yake, mzee akaona hapa ndipo pa kumfurahisha mke. Akaosha chupa za maji, akazikausha, akagonga rafu, akafungua mafundo moja moja na kumimina. Kila chupa akaibandika plasta yenye jina. Pelagia aliporudi alikuta mbegu zimesimama mstari kama watoto wa Komunyo ya Kwanza.

Tusimwonee mzee wa watu, ilipendeza. Pelagia mwenyewe alicheka, akashika hii, akashika ile, akaomba Yunis wa nyumba ya pili aitwe aje kuona. Kisha jicho likatua kwenye chupa ya mgagani.

"Baba Justina, mgagani ulikuwa mafundo mawili."

"Ndiyo. Moja lilikuwa la mwaka jana, vumbi tupu. Hilo nimewamwagia kuku. Nimekuwekea hizi mpya ulizovuna juzi."

Pelagia akavuta kigoda, akakaa.

Mgagani si mchicha, jamani. Mbegu yake ikitoka kwenye ganda leo, ukaipanda wiki ijayo, utamwagilia udongo mtupu mpaka uchoke. Lazima ilale miezi kwanza, ndipo iwe na nguvu ya kuamka. "Mama alikuwaga ananiambia," alisema Pelagia, "mgagani ukiusumbua haujalala, unakununia." Na huu ulikuwa ni ule ule wa mama yake, wenye mashina ya zambarau.

Lililomuuma zaidi ni Justina. Binti yao huyo, aliyeolewa Bunda, alikuwa na mimba yake ya kwanza, na siku zilikuwa zinakaribia. Kwao Pelagia, mzazi wa mara ya kwanza huanza na mboga iliyotoka kwa mama yake mzazi: mgagani uliochemshwa, ukalazwa kwenye maziwa mpaka uchungu uishe. Justina alipozaliwa, Pelagia alikula ule wa mama yake, na ladha ile hajaisahau. Mgagani wa sokoni upo, tena mwingi. Lakini atampelekea mwanawe mboga ya kununua na kumwambia nini?

Hakugomba. Wanzagi angependa agombe. Alilima tuta, akasia zile mpya kwa kubahatisha, na kila asubuhi akawa anachuchumaa pale kutazama udongo. Udongo ukawa unamtazama. Mzee akawa anamwagilia bila kuambiwa, na chai yake anaiacha inapoa. Mvua ya kwanza ikanyesha, ya pili ikafuata, tuta likaota magugu tu.

Asubuhi moja Wanzagi alikwenda kumwaga majivu kwenye lundo la taka nyuma ya jikoni. Pelagia akasikia anaitwa.

"Mama Justina. Acha hicho kikombe, njoo."

Pelagia alikwenda kandambili mguu mmoja. Juu ya lundo, katikati ya maganda ya ndizi na samadi ya kuku, miche ilikuwa imesongamana hata majivu hayakuwa na pa kumwagwa. Aliinama, akashika mmoja. Shina zambarau.

"Si ulisema kuku walikula?"

"Niliwamwagia. Kumbe wamezichakura tu, na mimi nikafagia banda, nikazoa, nikaja kumwaga huku." Mzee alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Zilikuwa zimelala, mama. Zilikuwa zimelala tu."

Pelagia akapiga vigelegele mpaka Yunis akaja mbio, kitenge hakijafungwa vizuri. "Justina kajifungua?"

"Bado. Mgagani ndio umejifungua."

Walicheka watatu pale jalalani kama wamelewa, na mzee akachukua miba akazungushia lundo lote ili kuku wasirudie kosa ambalo kwa kweli halikuwa lao.

Justina alijifungua salama, mtoto wa kike. Wanzagi hakukubali mboga ipelekwe na mtu mwingine. Aliipakata mwenyewe mpaka Bunda, sufuria imefungwa kwa kitenge, na akasimama mlangoni mpaka binti yake alipolamba bakuli na kuuliza kama imebaki.

Michache iliachwa ikomae. Mbegu zilipokauka, mzee hakugusa chupa. Alitafuta kitambaa, akazifunga fundo, akalining'iniza juu ya moshi kwa mikono yake. Ila plasta hakuweza kuiacha. Aliibandika, akaandika jina alilopewa mjukuu, na chini yake neno moja.

Pelagia Mdogo. Umelala.