Kuku ya Biashara

Serikali ilitupa sisi vijana wa mtaa wa Annexe kuku wa mayai, pamoja na mwalimu wa kutufundisha biashara. Wimbo wake ulikuwa mmoja: "Kuku ya biashara haiko kuku ya nyumba. Hata mama yako akilia, usichinje!"

Siku aliyokuja kukagua mradi wangu, nilitoka kuchota maji nikamkuta mezani, bukari, ugali wetu, na nyama mbele yake. Mama alikuwa amemchinjia mgeni, kama desturi yetu, yule kuku wa madoadoa, aliyetaga kuliko wote. Mungu wangu! Na firigisi, fungu la mgeni wa heshima, bwana mkubwa alikuwa anaitafuna!

Akapangusa vidole, akachungulia bandani, akanikunjia uso.

"Kijana, ile ya madoadoa iko wapi?"