Asumini ya Uwanja Uliofagiwa Mno

Chumbageni nzima ilijua kuwa ukitaka kuona uwanja msafi, upite mbele ya nyumba ya Bi Khuloud. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alishika fagio lake la chelewa, akafagia kutoka barazani hadi getini, chini ya miti na kandokando ya maua, asiache hata jani moja. Majani aliyachoma kwenye kona, majivu yakaenda jalalani. Mistari ya chelewa ilipobaki mchangani kama nywele zilizochanwa, ndipo alipokaa kunywa chai. Alifundishwa hivyo na mama mkwe wake alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi, na aliendelea hivyo hata baada ya mumewe, Bwana Muntasir, kutangulia mbele ya haki.

Nyumba yenyewe ilikuwa na jina. Babu wa marehemu alimiliki minazi mpaka upande wa Kigombe. Mashamba yaligawanywa, yakauzwa, na sasa kilichobaki kilikuwa nyumba, heshima, na pensheni ya Bi Khuloud, ambaye alifundisha biolojia sekondari ya wasichana mpaka akastaafu. Pensheni ilitosha chakula na umeme. Kwamba haikutosha zaidi ya hapo, hilo halikuwa jambo la kumwambia mtu.

Mbele ya baraza palikuwa na mwasumini uliopandwa na mama mkwe. Kila binti wa nyumba ile aliolewa amevaa koja la asumini iliyochumwa hapo, na wanawake waliohudhuria walipewa vikuba vya asumini na mrehani vya kubandika kifuani. Watu walizikumbuka harusi za nyumba ile kwa harufu yake. Sasa Shahd, binti wa mwisho, alikuwa ameposwa na kijana wa Usagara, na harusi ilipangwa baada ya Idi Kubwa. Lakini mwasumini haukuwa umetoa ua tangu mwaka uliopita. Majani yalikuwa ya manjano, matawi makavu, na maji uliyoumwagilia yalituama juu ya ardhi kama juu ya sahani, kisha yakajiendea zake getini.

"Tutanunua sokoni, mama," alisema Shahd. "Asumini ni asumini."

"Ya sokoni watabandika wageni. Binti wa nyumba hii anavaa ya nyumba hii."

Alisema hivyo kwa sauti kavu, kisha akaenda kwa muuza miche kuulizia lori la udongo mweusi na mbolea ya mifuko. Alipotajiwa bei alimshukuru, akasema atamtuma mtu. Njiani alijua kuwa hatamtuma mtu yeyote.

Wiki ile upepo uliivuta kanga yake kutoka kwenye kamba, ukaitupa nyuma ya tangi la maji, pale pembamba ambapo fagio halifiki. Akajipenyeza kuifuata huku akinung'unika. Nyuma ya tangi akakuta mrehani umejiotea wenyewe, mnene, majani yake mabichi hasa, na chini yake majani ya mpera ya miaka na miaka yamelaliana. Akachomeka kidole. Kikaingia chote bila kupingwa. Udongo ulikuwa mweusi, laini, unanukia mvua, na nyungunyungu alijikunja kuikimbia ile nuru.

Bi Khuloud alichutama pale, kanga mkononi. Miaka yote alikuwa akiwachorea wanafunzi ubaoni jinsi jani linavyoanguka, likaoza, likaurudia mzizi, na asiyelichora sawasawa alimkata alama. Kisha kila alfajiri alirudi kukichoma chakula cha mwasumini wake mwenyewe, kwa sababu uwanja wa watu wa maana haukai na majani. Akacheka peke yake mpaka Shahd akaja kuchungulia.

Mlango wa pili alikuwa akiishi Beatrisi, Mama Ritha, mzaliwa wa Lushoto, aliyefuga mbuzi nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, Bi Khuloud."

"Marahaba, Mama Ritha. Mbuzi wako hawajambo?"

"Hawajambo. Leo umeanza na mbuzi kabla ya watoto, kuna nini?"

"Nataka samadi yao. Ile iliyokauka. Na uilete kwa mlango wa nyuma."

"Yesu wangu! Mavi ya mbuzi yapitie mlango wa nyuma kama mchumba wa siri?"

"Mchumba wa siri hanuki, mwanangu. Lete tu."

Mume wa Mama Ritha, Castory, alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, ambako mabaki ya majani yaliyokwisha kutolewa nyuzi hurundikwa, na mtu huchukua bure. Bi Khuloud alimwagiza achimbe chini kabisa ya lundo, kule yalikogeuka kuwa meusi, kwa kuwa yale mabichi huunguza mizizi. Kisha yeye mwenyewe akaitibua taratibu ardhi iliyoshupaa chini ya mwasumini, asije akaikata mizizi, akachanganya samadi na mkonge uliooza, akafukia makapi ya chai na maganda ya ndizi, na juu ya yote akayatandaza majani makavu ya mpera na mwarobaini, mazito kama godoro.

Kutoka barabarani uchafu ule ulionekana wote. Wapitaji walipunguza mwendo. Jirani mmoja alibisha hodi kuuliza kama Bi Khuloud anaumwa. Yeye akafagia sehemu nyingine za uwanja kwa nguvu maradufu, lakini kila alfajiri mkono ulimwasha kulifuata lile rundo.

"Mama, watu watasema nyumba imeanza kuanguka," Shahd alilalamika.

"Nawasikia. Na wewe nyamaza, usiwasaidie."

Masika yakaja. Maji hayakukimbilia getini tena, yalizama. Majani ya mwasumini yakarudi kuwa ya kijani. Lakini ua halikutoka hata moja.

Idi ikiwa imekaribia, hodi ikapigwa getini bila taarifa. Alikuwa Bi Zuwena, mama wa bwana harusi, kwa buibui lake jipya na mkoba wake mkubwa. Salamu zilikwisha, lakini macho yake yalikuwa chini ya mwasumini, kwenye majani na ganda moja la ndizi ambalo kunguru alikuwa amelifukua.

Bi Khuloud aliyafuata macho yale. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: msichana wa kazi anaumwa. Lakini hakuwa na msichana wa kazi, na ukweli huo nao ungefuata nyuma.

"Naulisha udongo, Bi Zuwena," alisema. "Nimeufagia mpaka nikaufisha kwa njaa. Sasa naulisha."

Bi Zuwena aliinama, akayasogeza majani kwa ncha ya vidole, halafu akaketi barazani kwa kishindo, bila kusubiri kukaribishwa.

"Alhamdulillahi! Dada yangu, mimi nimekuja hapa nimebeba aibu. Mwasumini wa kwetu umekufa. Nami nafagia kama kichaa! Nilitaka kukuomba mtuwie radhi, sisi upande wa bwana harusi tulete vikuba vya kununua. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza nitaanzaje kukwambia wewe, nyumba yako ilivyo."

"Nyumba yangu ilivyo?" Bi Khuloud akacheka. "Nyumba yangu ina maganda ya ndizi uwanjani."

"Basi nami niyatandaze?"

"Anza leo. Na samadi ya mbuzi ipitishe mlango wa nyuma."

Ni Bi Zuwena aliyeviona kwanza, alipokuwa akiaga: vitumba vya maua vyeupe, vyembamba kama punje za mchele, kwenye tawi la upande wa ukuta.

Siku ya harusi asumini haikutosha kila kitu. Ilitosha koja la Shahd. Vikuba vya wageni vilijazwa mrehani wa nyuma ya tangi, na hakuna aliyelalamika, maana wanawake walishinda wakiuliza harufu ile inatoka wapi.

Asubuhi iliyofuata uwanja ulitapakaa vikuba vilivyonyauka. Bi Khuloud akashika fagio, akavikusanya vyote mpaka cha mwisho, akavibeba kwenye upande wa kanga. Kona ya kuchomea ilikuwa karibu, lakini aliipita. Akavimwaga chini ya mwasumini, akavifunika kwa majani, kisha akaenda kunywa chai.