Namalwa na Makosa ya Ijumaa

Nilipika katika nyumba ya masista, kule juu kidogo ya Dagoretti Corner, miaka kumi na miwili, na sikuwahi kuona mtu mwenye uchu wa utakatifu kama Namalwa. Wengine waliupenda kwa kiasi, kama chumvi. Yeye aliufanyia pupa. Alifua shuka hadi zikakaribia kutoboka, akafagia njia niliyokwisha kuifagia mimi, na kila alipopita mbele ya sanamu ya Bikira alipiga goti hadi vikombe vyangu vikagongana kabatini.

Mimi sikuwa sista, Mungu apishie mbali. Mimi ni Peres, mjane, mama wa Haron na wadogo zake watatu, na nilikwenda pale kutafuta kazi, si mbingu. Kwa hiyo naweza kusema mambo yalivyokuwa.

Kabla ya kuja kwetu Namalwa alikuwa mpika chang'aa Pumwani, tena si mpika mdogo. Makarani walikwenda kwake, mafundi walikwenda, na askari waliotumwa kumkamata walitangulia kuonja ili wawe na hakika ya ushahidi wao. Aliingia jela mara tatu, akatoka mara tatu, akawasha moto tena. Halafu mwaka wa hamsini na tatu mtama uliadimika, wateja wakalalamika kwamba kinywaji kimepoa, naye akaongeza spiriti ile ya kuwashia stovu. Seremala mmoja aitwaye Zadock alikunywa kuliko wenzake, maana alikuwa amepata kazi mpya na alitaka kushangilia. Alipoamka aliuliza kwa nini hakujakucha.

Namalwa hakungoja kujibu. Alitoroka siku hiyo hiyo, akabisha kwa masista, akasema anataka kumtumikia Mungu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini ana haraka hivyo. Mikono yake ilikuwa imara na nguo chafu zilikuwa nyingi, na Mama Mkuu, Mzungu mrefu kutoka Ailandi, alikuwa mwepesi wa kutambua wito wa Mungu palipokuwa na nguo chafu.

Baada ya miaka minne wakakubali avikwe shela ya usista. Ingekuwa Alhamisi, tarehe kumi na tano Agosti mwaka wa hamsini na saba, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Angepewa na jina jipya, na Namalwa wa Pumwani angehesabiwa amekufa. Kitu hicho alikitaka kuliko chakula. Nilimwona akijipima kitambaa cha meza kichwani mbele ya dirisha langu, nikajifanya nachambua mchele.

Sasa, masista wale walikuwa na desturi. Kila Ijumaa baada ya chai walikusanyika ukumbini, na mmoja mmoja alipiga magoti, akabusu sakafu, akajishtaki mbele ya wenzake. Mimi nilisikiliza kupitia kidirisha cha kupitishia sahani, maana Nairobi nzima hapakuwa na mchezo mzuri kama ule. Sista mmoja alifunga mlango kwa kishindo. Mwingine alitazama motokaa ikipita. Mwingine, maskini, alifurahia ndizi kupita kiasi. Mama Mkuu aliwapa adhabu kwa uso mzito, kama vile wameiba ng'ombe.

Ijumaa ya mwisho kabla ya sikukuu, kwa mara ya kwanza, Namalwa aliruhusiwa kujishtaki. Alipiga magoti, akabusu sakafu, akasema kwa sauti yake ile kubwa ya kuita wateja:

"Najishtaki nilipofusha mtu."

Kijiko kiliniponyoka.

"Hapana leta maneno hiyo hapa," akasema Mama Mkuu kwa Kiswahili chake. "Hapa ni makosa ya nyumba. Hiyo ni ya padre."

"Padre nilimwambia, Mama. Alinipa Salamu Maria hamsini."

Padre wetu hakuwa mchoyo, ishirini na tano kwa kila jicho.

"Basi imekwisha."

"Kwangu imekwisha, Mama. Na Zadock alipewa nini?"

Mama Mkuu alisema jambo lililosamehewa halifukuliwi. Akasema pia kwamba msichana anayetoka kwenda mjini bila ruhusa hatavikwa shela, na ruhusa yenyewe haitoki. Namalwa akaja jikoni kwangu akiwa amevimba macho.

"Mama Haron, sijui hata kama ako hai."

Hapo ndipo mimi nilipochokoza nyuki. Zadock nilimjua. Alikuwa akisuka viti kwenye baraza la maduka ya Adams Arcade, kwa vidole tu, na viti sita ambavyo masista walikalia wakisikiliza makosa ya ndizi vilikuwa kazi yake. Nilivipeleka mwenyewe kwa mkokoteni. Nikamwambia Namalwa alipo.

Jumamosi asubuhi akatoka getini waziwazi, nami nikamfuata nikisingizia vitunguu. Tulipofika barazani yule mjinga akafanya vile alivyofundishwa: akapiga magoti katikati ya memsahibu na vikapu vyao, akabusu saruji, akaanza, "Najishtaki..."

Zadock aliinua kichwa. "Hiyo sauti. Namalwa?"

"Ni mimi, kaka. Nisamehe."

"Umepiga magoti?"

"Ndiyo."

"Kwa nini? Mimi sioni." Akarudia kusuka. "Kutoka hapa mpaka kwangu Kawangware kuna mitaro minne. Nimeanguka yote. Msamaha sina. Kama una mkono, kuja jioni unishike."

Sikupenda jibu lile. Nilitembea kilomita zote zile nikitegemea machozi na kukumbatiana.

Namalwa alirudi kwa masista kuchukua nguo zake mbili. Mama Mkuu alisimama mlangoni akamuuliza, "Amekusamehe?"

"Bado, Mama."

"Sasa wewe unaenda kwa nini?"

"Anafunga kazi saa kumi na moja."

Alhamisi wakaimba bila yeye. Nilipika pilau ya sikukuu, nikaitia chumvi mara mbili kwa hasira, na wakaila kwa unyenyekevu.

Miaka miwili baadaye nilikutana naye Ngong Road, jioni, akitoka kumfikisha Zadock kwake, kama kila siku. Alikuwa amekonda, anawafulia watu wa Lavington nguo ili apate kuishi. Nilimhurumia, na huruma yangu hutoka kama matusi.

"Haya, mtakatifu. Huyo mtu wako amekusamehe?"

"Hajasema."

"Miaka mbili! Na wewe unaendelea tu?"

Namalwa akafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Leo ameniuliza kama nimekula," akasema.