Chupa Iliyobaki Nusu

Kwa miaka ishirini na mitatu muuguzi huyu alisimama katika chumba cha upasuaji, na magoti yake yalikuwa shahidi. Wenzake walimwita Mama Akiba. Dawa ya ganzi ya mgongoni ilipobaki nusu chupa hakuitupa. Aliiziba kwa plasta, akaiweka kabatini, ikamfaa mgonjwa wa kesho. "Akiba haiozi," alisema, na madaktari wakacheka, maana dawa zilikuwa adimu. Hakuna aliyemkataza. Na hilo lisisahaulike wakianza kumnyooshea vidole.

Kisha akina mama watatu waliojifungua kwa upasuaji katika wiki moja wakarudi, vichwa vinawapasuka, shingo hazigeuki. Wakapewa vidonge vya malaria, wakapewa vya maumivu. Mmoja akafa. Ndipo maabara ikapima maji ya uti wa mgongo na kukuta kuvu, ndugu wa ukungu unaoota kwenye mkate. Kuvu hiyo ilikuwa imeota ndani ya chupa iliyofunguliwa, ikapita kwenye sindano, ikapanda mpaka kwenye ubongo.

Daktari mkuu akawaita wote, daftari la dawa mkononi. "Chupa ile ya ganzi iliyobaki ilitumika kwa watatu. Wawili wameanza matibabu. Yupo mwingine?"

Mama Akiba alitazama viatu vyake. Alikuwa amechoka hata kuogopa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa akificha ya mwenzake.

"Yupo wa nne," akasema. "Sikumwandika. Ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Siku yake ya kujifungua kwa upasuaji dawa ziliisha, nikamtolea ile iliyobaki."

"Anaumwa?"

"Kichwa. Wiki ya pili sasa. Nampelekea vidonge."

"Dada, wewe ni muuguzi! Hukushtuka?"

"Nilishtuka, daktari. Nikajiambia ni kukosa usingizi, mtoto analia. Nilitaka kiwe kichwa tu."

Gari la wagonjwa likawafikisha nyumbani kwa wifi mchana kweupe. Chumbani pazia limefungwa, kwa sababu mwanga ulimuumiza. Kichanga kimelala pembeni. Mama Akiba akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya shingo ya wifi yake kumwinua. Shingo ilikataa kukunjika.

"Wifi, twende hospitali. Sasa hivi."

Mgonjwa akafumbua jicho moja, akatabasamu kwa shida.

"Mdogo wako alitaka kunipeleka tangu juzi," akasema. "Nikamwambia ya nini, na muuguzi tunaye nyumbani?"