Moto wa Bibi Niliouweka Chini

Umewahi kuua moto, wewe unayenisoma? Nilipokuwa mtoto niliua mmoja, mchana kweupe, kwa sababu ya adabu.

Tembe la bibi lilikuwa kilimani juu ya Kiomboi, peke yake kati ya majabali. Ukikaa mlangoni unaona bonde lote mpaka macho yachoke. Siku hizi wasomi wenzangu wanapaita scenic. Sisi tulipaita nyumbani. Bibi alikuwa mjane, mwenzake nilikuwa mimi tu, na kwa utani aliniita mke mwenza.

Operesheni ya kuhamishia watu vijiji vya pamoja ilipotufikia, mgambo kijana alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Shikamoo bibi. Toa vyombo, lori linasubiri chini."

"Marahaba. Yaani unaniamkia halafu unanifukuza? Mama yako alikufundisha nusu nusu?"

Kijana akavaa tena kofia, akaanza kutoa vyungu.

Bibi alichota kaa moja jikoni, akalifunika majivu ndani ya kigae, akanikabidhi. Moto ule haukuwahi kuzimika tangu aolewe. Aliamini moto wa mwanamke ukizimika njiani anapohama, naye hamalizi mwaka. Dereva alikataa moto kwenye lori, kwa hiyo nilipaswa kuupitisha njia ya mkato kwa miguu.

"Usiuweke chini," alisema. "Wala usisalimie mtu mpaka ufike. Mke mwenza, umenibeba mimi humo."

Nilikuwa na miaka minane. Nilitembea nikipuliza, nikipuliza, mpaka nikaona paa za kijiji kipya zimepangwa mstari. Barabarani alisimama ofisa, suti ya Kaunda, kalamu mbili mfukoni. Nikapita kimya.

"We mtoto! Unawapita wakubwa kama mbuzi? Kwenu hawafundishi shikamoo?"

Kwetu! Kwetu mtoto asiyeamkia anamwaibisha bibi yake. Nikaweka kigae chini, nikapiga goti.

"Shikamoo."

"Marahaba." Ndipo akaona moshi. "Moto kwenye nyasi kavu? Unataka kutuchomea kijiji?" Akausukumia mchanga kwa kiatu, akaukanyaga, akaenda zake.

Nililia mpaka machozi yakaisha. Kisha nikaomba kaa kwa jirani, nikampelekea bibi bila kumwambia kilichotokea. Akapika uji wa uwele, akaonja, akanigeukia.

"Moto huu mgeni," alisema. "Basi, usilie. Kunywa uji."

Hakuuliza tena. Kila jioni alikaa nyuma ya nyumba, kijiji amekipa mgongo, uso kilimani. Majirani walikuwa hatua kumi kushoto, kumi kulia, na bado sijamwona mtu mpweke kama yeye. Uwele wa mwaka ule haujakomaa, tukamzika.

Nimesoma mpaka university. Najua kueleza: uzee, homa, majonzi. Vyeti vyangu viko kwenye bahasha ya kaki, na kila ofisi inanijibu no vacancy, jaribu mwakani. Elimu yote hiyo haijaniinua kutoka kwenye lile goti. Lakini nimeanza kuelewa kwamba bibi hakuwa mshamba. Mtu akitolewa penye moto wake, anaanza kuzimika siku hiyo hiyo. Alilijua hilo, akalisema kwa njia ambayo mtoto angeweza kuibeba.

Mwezi uliopita, kwa kukosa pa kwenda, nilipanda kilimani. Penye tembe pamejengwa nyumba ya mstaafu mmoja wa serikali. Alikuwa barazani, blanketi miguuni. Sijui kama ndiye yule ofisa wa barabarani. Suti zile zilifanana. Goti likapigwa lenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Umeona utulivu? Very peaceful. Daktari alinishauri nitafute mahali pa upepo." Akavuta blanketi. "Ila hakuna wa kuongea naye. Kaa basi."

Sikukaa. Makopo yake ya maua yalikuwa juu ya mawe matatu, meusi kwa masizi. Nikayajua.

Sasa nawaambia nyinyi mliotoa amri, kisha mkagawana viwanja kule juu. Mlituambia kuishi mmoja mmoja vilimani ni ushamba. Leo mnakwenda kuzeekea huko, mmoja mmoja. Haya, zeekeni. Lakini ondoeni maua yenu juu ya mafiga ya bibi yangu, niyateremshe mawe hayo yakakae kaburini kwake. Shikamoo zenu nimewapa zote. Nipeni mawe yangu.