Dereva wa Theodora

Kibosho ina akina Primus wengi, lakini ukimtaja Primus wa gari la mbao utaonyeshwa njia mpaka mlangoni. Gari lenyewe ni Morisi ya Kiingereza ya zamani, pua ya mviringo mbele, na nyuma kama kibanda kirefu kilichozungushiwa fremu ya mbao inayoonekana wazi kwa nje. Wengi hudhani mbao zile ni urembo. Ndizo mifupa ya gari. Zikioza, paa linainama, milango inakataa kufunga, na gari limekwisha hata kama injini bado inaunguruma.

Primus alizijua kazi za namna hiyo tangu ujana. Miaka ya sitini alishuka Moshi mjini, akaajiriwa kwenye karakana ya Kalasinga mmoja aliyeunda mabodi ya mabasi. Siku hizo basi halikuja likiwa zima. Ilikuja chesisi tupu yenye injini na usukani, na dereva aliyeitoa bandarini aliketi juu ya kreti, vumbi lote la njiani likimwishia usoni. Mafundi ndio walioivisha: nguzo za mvule, mbavu za mbao, bati, kisha rangi. Primus alipenda kusimama kando ya barabara na kulitambua basi alilolijenga kwa namna paa lake lilivyotulia kwenye kona. Halafu chuma kikashika nafasi, mabodi ya mbao yakaachwa, karakana ikafungwa. Akarudi mlimani kutengeneza vitanda na milango.

Morisi aliipata kwa mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa akirudi kwao. Alikuwa ameoa karibuni. Mke wake, Theodora, binti wa Uru, alilipenda gari lile kuliko nyumba. Walikwenda nalo misani, harusini, sokoni, mikungu ya ndizi nyuma na wanawake watatu wanne juu ya mikungu, wakiimba. Hata serikali ilipozuia magari ya watu binafsi kutembea Jumapili alasiri ili kubana mafuta, Theodora aliketi ndani yake uani akifuma kitambaa, mlango wazi, kama mtu aliye safarini.

Wakapata mtoto wa kwanza, msichana, wakamwita Dominika. Tangu hapo watu wakawaita Baba Dominika na Mama Dominika.

Masika moja, mtoto alipokuwa amekwisha kujua kukimbia, alipatwa na homa kali iliyofuatiwa na degedege. Mvua ilikuwa inamwagika. Theodora aliingia nyuma na mtoto kifuani, na Primus akaamua kupita njia ya mkato kupitia mtoni badala ya barabara kubwa. Chini ya kilima gari likazama kwenye tope. Alichimba kwa mikono, akakata migomba ya watu na kuitandika chini ya matairi, huku akimsikia Theodora nyuma akimwimbia mtoto. Lilipochomoka aliendesha kama kichaa. Hospitalini daktari alifunua kanga, akaangalia, akamfunika mtoto tena.

Walimzika Dominika kihambani, shamba lao la nyumbani, kando ya mimea ya masale. Primus hakumwambia mtu neno, lakini moyoni alikuwa amekwisha kujihukumu. Ni yeye aliyechagua njia ile. Lile tope ndilo lililomuua mwanawe. Miaka michache baadaye mbao za Morisi zilipoanza kuoza, yeye aliyewatengenezea watu wote hakuzigusa. Aliisukuma mpaka bandani nyuma ya zizi, akaiacha. Theodora naye hakuuliza. Akazaliwa Doris, wakawa Baba Doris na Mama Doris, na lile jina la kwanza halikutamkwa tena nyumbani mwao.

Miaka ikapita, wote wawili wakawa wazee. Theodora alianza kusahau kidogo kidogo. Mtori ulitiwa chumvi mara mbili. Njia ya kanisani ikampotea. Doris, aliyekuwa na kibanda cha nguo mtaa wa Pasua, mjini, akafunga biashara na kurudi nyumbani kumtunza mama. Asubuhi moja Primus alikuwa akinywa chai, Theodora akatoka chumbani, akasimama kwa adabu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo baba. Mwenye nyumba yupo?"

Primus akaweka kikombe chini. Doris ndiye aliyesema, "Mama, huyu ni baba."

"Naona ni mtu mzima," Theodora akajibu. "Ndiyo maana nimemwamkia. Namuuliza Baba Dominika."

Baada ya hapo wakawa wanamkuta bandani. Alitoka alfajiri, akafungua mlango wa Morisi uliolegea, akaketi juu ya kiti kilichooza, uyoga umeota kwenye fremu karibu na bega lake. Ukimuuliza anafanya nini, anasema anamsubiri mume wake, wanakwenda mjini. Ukimtoa kwa nguvu, analia.

"Baba, tuliuze hili gari kwa vyuma chakavu," Doris alisema. "Atakuja kugongwa na hilo paa."

"Kama anataka kukaa humo," Primus akasema, "basi akae mahali pakavu."

Akaanza kazi. Alipasua mbao za mringaringa alizokuwa amezikausha darini kwa miaka, akatoa kila ubao uliooza na kuutumia kama kipimo cha mpya. Ubao mmoja wa upinde wa gurudumu aliuharibu mara kadhaa kabla haujakaa. Godlove, fundi magari wa mjini, alipanda na pikipiki yake kushughulikia injini, na vipuri vilivyokosekana akavichonga mwenyewe. Theodora aliketi kwenye kigoda akiwatazama. Alimwita Primus "fundi", na fundi alipojipiga nyundo kidoleni alimwambia, "Pole, baba yangu. Mume wangu naye hujigonga hivyo hivyo."

Gari likawaka mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zikiwa zimepumzika. Siku hiyo Primus alivaa koti lake la kanisani. Moyoni alikuwa na tumaini ambalo hata Doris hakumwambia: kwamba akimwona kwenye usukani, huenda Theodora atamtambua.

Theodora alipanda nyuma, si mbele. Alipotazama usukani akamwona mzee mwenye mvi.

"Wewe ndiye dereva? Baba Dominika amekutuma?"

"Ndiyo," Primus akasema. "Amenituma."

Wakashuka taratibu kati ya migomba. Watu walisimama vibarazani, wengine wakipiga picha kwa simu. Theodora aliwapungia mkono, akicheka. Walipofika panapogawanyika njia, Primus alitaka kushika lami, lakini mke wake akasema kutoka nyuma, "Pita huku, dereva." Akaonyesha njia ya mtoni.

Primus hakuwa amepita pale na gari tangu siku ile. Akakata kona. Chini ya kilima, mahali penyewe, palikuwa pakavu, pamewekwa kifusi. Akasimamisha gari.

"Hapa ndipo tulipokwama," Theodora alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya zamani. "Una watoto, dereva?"

"Ninaye mmoja. Wawili. Mmoja alifariki."

"Pole. Hata mimi. Alinifia humu humu, mikononi. Lakini si hapa. Alikata roho kule juu, kabla hatujaondoka kwenye migomba yetu. Tulipofika hapa kwenye tope, alikuwa ameanza kupoa."

Primus alishika usukani. "Ulikuwa unaimba," akasema polepole.

"Nani kakwambia? Ndiyo, niliimba. Mume wangu alikuwa kwenye tope mpaka magotini, mvua inampiga, anachimba kwa mikono kama mnyama. Ningemwambiaje? Nikasema mwache achimbe akijua anamwokoa. Nikaimba ili asigeuke kutazama. Baadaye kila siku nilitaka kumwambia, nikaogopa ataniuliza kwa nini nilimwacha ateseke bure. Na yeye hakutaka kulizungumza. Basi tukanyamaza."

Primus akashuka. Akazunguka mpaka ule mlango wa nyuma, akaufungua, akapiga magoti kwenye kifusi ili uso wake uwe sawa na wa mke wake.

"Theodora. Ni mimi. Ni Primus. Mimi nilidhani ni lile tope. Miaka yote nilidhani ni mimi niliyechagua njia mbaya. Theodora, nitazame."

Alimtazama. Kisha akavuta kanga yake, akasogea mpaka mwisho wa kiti, macho yakimtoka kwa woga.

"Jina langu umelijuaje? Nirudishe nyumbani. Baba tafadhali, nirudishe kwa mume wangu."

Primus akasimama. Alijifuta uso kwa mkono wa koti, akafunga mlango taratibu ili asimshtue.

"Samahani, mama. Nakurudisha."

Njiani kupanda, Theodora alitulia. Karibu na nyumbani akainama mbele, akamgusa bega.

"Dereva, niliyokwambia usimwambie. Atavunjika moyo."

"Simwambii," Primus akasema.

Alimwendesha mara nyingi tena baada ya siku ile, lakini kwa barabara kubwa, na alizungumza naye kama dereva tu. Aliuliza habari za mume wake na kuzisikiliza zote, za kweli na za kubuni. Kufikia Kwaresima Theodora hakutaka tena kupanda gari wala kutoka kitandani. Alifariki katikati ya masika, asubuhi, Doris akimnywesha uji na Primus akimshika miguu iliyokuwa imeanza kuwa baridi. Mara ya mwisho aliposema neno ilikuwa jana yake, alipomwambia Doris amtilie yule mzee chai kabla hajaondoka.

Walimzika karibu na mtoto. Wageni walipokwisha kuondoka na sufuria kuoshwa, Doris alimkuta baba yake kihambani, amesimama kati ya kaburi jipya na ile alama ndogo ambayo nyasi zilikuwa zimeimeza. Alikuwa anazing'oa nyasi hizo kwa mkono.

"Baba, huyu hamjawahi kunisimulia habari zake," Doris akasema. "Najua jina tu."

Primus aliendelea kung'oa mpaka akaufikia udongo. Kisha akaketi chini, mgongo kwenye mgomba, na kumwonyesha binti yake mahali pa kukaa.

"Alikuwa anapenda kukimbiza kuku," akaanza. Doris akaketi karibu yake, akamshika mkono, akasikiliza.