Upande Wetu wa Shuka

Namshukuru Mwenyezi Mungu, anayeona yaliyo mbele ya pazia na yaliyo nyuma yake, aliyenifikisha uzeeni nikiwa na meno machache na kumbukumbu nyingi. Sifa ni zake asubuhi na jioni, na rehema ziwafikie wote waliotutangulia kwa imani.

Sasa sogea karibu, rafiki yangu. Juzi, baada ya sala ya alasiri, mjukuu wangu wa kike aliniwekea simu yake mapajani. Ndani yake kulikuwa na filamu ya zamani ya Wamarekani, ile isiyo na rangi, farasi wanakimbia na vumbi linapanda. Ilipokwisha akaniambia, "Koko, toa nyota. Moja ni mbaya, tano ni nzuri sana." Nilimuuliza nani anazihitaji nyota za mzee kama mimi. Akacheka, akasema siku hizi dunia nzima inapima filamu. Sisi tulipima filamu kabla mama yake hajazaliwa, na hatukutumia nyota. Tulitumia chumvi.

Nilikuwa msichana mdogo hapa Kisangani katika miaka ile ya uhuru. Kwenye ramani mji ulikuwa bado na jina la Mzungu, lakini nyumbani hatukuutaja hivyo hata siku moja. Mtaa wetu ulikuwa wa Waislamu, watu ambao mababu zao walikuja na misafara ya biashara wakaoa hapa, wakabaki. Alfajiri, kabla ya adhana, ulisikia maji yakinguruma kwenye maporomoko, na baadaye kidogo mama wa Kigenya, watu wa uvuvi wa mtoni, walipita na samaki kichwani, bado wanachuruzika maji. Mchana ni sauti ya mchi. Nyanya yangu, ambaye sisi sote tulimwita Koko kama mimi ninavyoitwa leo, alitwanga ndizi za lituma, chakula chetu cha ndizi zilizopikwa na kupondwa, katika kinu cheusi kilichokuwa kikubwa kuliko mimi.

Jumamosi jioni ilikuwa sinema. Mgiriki mmoja mwenye duka la vitambaa alikuwa na mashine, na filamu zilimjia kwa meli kutoka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, zimefungwa ndani ya masanduku ya bati. Nyuma ya duka lake kulikuwa na uwanja. Hapo walisimamisha miti miwili na kutandaza shuka kubwa jeupe, lenye kiraka pembeni. Wazee wa msikiti walikuwa wameikubali sinema kwa sharti moja tu: wanaume wakae mbele ya shuka, wanawake nyuma yake. Kwa hiyo sisi wasichana tulipewa kazi ambayo sijapata kuipenda nyingine kama hiyo. Jua likishazama, tulichota maji kwa ndoo na kulirushia shuka mpaka lilowe kabisa, kwa sababu shuka kavu huuzuia mwanga, lakini lililolowa huupitisha. Tulirudi kwenye mkeka tumelowa sisi wenyewe, tunanuka sabuni na vumbi, mikononi tuna karanga za moto kwenye pembe ya karatasi.

Filamu zilisema Kifaransa, na wengi wetu hatukukijua. Aliyetufafanulia alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, kijana Mkristo kutoka Basoko, aliyekuwa amepanga chumba kwa jirani yetu. Alisimama kando ya mti mmoja na kipaza sauti, akawasemesha watu wa kwenye shuka kwa Kiswahili chetu. "Bon, huyu papa iko na hasira. Anasema, we mutoto, farasi yangu iko wapi?" Hata pale ambapo mtu wa kwenye filamu alisema neno moja, mwalimu alimpa hotuba nzima.

Baada ya uhuru meli zikapungua, na masanduku ya bati yakapungua nazo. Mwishowe Mgiriki akabaki na filamu moja, akaionyesha Jumamosi baada ya Jumamosi. Ilikuwa habari ya mtu mrefu, mkimya, aliyeingia katika kijiji cha vumbi kumtafuta nyumbu wake wa kubeba mizigo aliyeibwa, akawakuta wanakijiji wanaonewa na majambazi. Sisi tulimwita Mrefu. Tulimjua kama tunavyomjua shangazi. Alipoinama kunywa maji, mama wote kwenye mkeka walisema pamoja, "Bismillahi."

Hukumu ya filamu ilitolewa Jumapili asubuhi, uani kwetu, wakati wa kupika. Hakuna aliyeruhusiwa kusema neno kabla Koko hajaonja mchuzi. Wanawake wa jirani walikuja na visu vyao vya kumenyea ndizi, wakakaa, wakangoja. Koko alichovya kidole, akalamba, akafumba macho. Kisha alisema moja kati ya mambo matatu: haina chumvi, ina chumvi, au imekolea. Filamu za mapenzi nyingi hazikuwa na chumvi. Filamu ya Mrefu ilikolea kila Jumapili, na sababu yake ilikuwa moja.

"Mulimuona?" Koko aliuliza. "Bunduki anashika mukono wa kushoto. Wa kuume anauweka safi, wa kula na wa kusalimia watu. Huyu mutu alilelewa."

Nasi tuliitikia, kwa sababu tulikuwa tumemwona kwa macho yetu. Kwenye upande wetu wa shuka Mrefu alipiga kwa kushoto. Kaka zangu, waliokaa mbele na kumwona akipiga kwa kuume, walishika matumbo kwa kucheka. Pale bombani, tulikochota maji, maneno yaliruka kila wiki. "Nyinyi wanawake munaangalia mugongo ya sinema!" "Na nyinyi wanaume, karanga zimewaingia kwenye macho!" Mwalimu alikuja siku moja kutuelewesha. Alishika karatasi juani, akatuonyesha jinsi picha inavyogeuka ukiitazama kutoka nyuma. Koko alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akamuuliza, kama ni hivyo, mbona maandishi ya filamu yanaanzia kulia kwenda kushoto, sawasawa na msahafu? Koko alijua kusoma herufi za Kiarabu tu. Kwake yeye, maandishi yaliyotokea kulia yalikuwa ushahidi kwamba upande wetu ndio upande wa mbele. Mwalimu alitazama karatasi yake, akaikunja, akaomba lituma.

Kisha maasi yakaingia mjini.

Sitakueleza yote, maana mengi Mungu amenisaidia kuyasahau. Mgiriki alifunga duka akakimbia. Meli zilikoma kabisa, na chumvi ikawa adimu hata watu wakachoma majani ya mtoni ili wapate majivu ya kutia kwenye mboga. Wapiganaji walizunguka mitaani wakiwatafuta waliosoma, makarani na walimu, waliosemekana kuwa watu wa wazungu. Aliyechukuliwa hakurudi.

Mwalimu alikuja kwetu kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi. Koko hakumuuliza kitu. Alimwingiza katika chumba chake mwenyewe, upande wa wanawake, mahali ambapo hata baba yangu alibisha hodi kabla ya kuingia. Kisha akachukua shuka la sinema, lililobaki kwetu kwa sababu sisi ndio tuliolifua, akalitundika likagawa chumba. Mwalimu akaishi nyuma yake. Tulimpitishia chakula chini ya shuka. Mchana alikaa kimya, na wakati mwingine niliona kivuli chake kwenye shuka, kimekunja magoti, kinasali sala za kwao.

Siku moja, saa ya kutwanga, kijana mmoja mpiganaji aliingia uani peke yake. Alikuwa na majani kichwani, kama waasi wenzake, na bunduki mkono wa kulia. Mchi wa Koko ulisimama, nasi sote tukasimama. Kijana alikuwa mwembamba, midomo imekauka. Lafudhi yake ilikuwa ya watu wa njia ya reli, kule Ubundu.

"Koko, mwalimu wa sinema iko wapi? Walisema alikuwa anakula hapa."

Nyanya yangu hakuwahi kusema uongo, na mimi nilijua hilo kuliko mtu yeyote uani pale. Nilibana kitambaa cha mama yangu kwa meno. Lakini kijana hakungoja jibu. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na jicho lake lilikuwa limeshafika kwenye kiraka.

"Ile shuka," alisema. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtoto. "Koko, ile si shuka ya sinema?" Akapiga hatua kuelekea mlangoni.

"Wewe ulikuwa unakaa upande gani?" Koko alimuuliza.

Kijana akageuka. "Mbele. Nilikuwa nakuja na tonton yangu, kaka ya mama."

"Donc ulimuona Mrefu."

"Mara nyingi!"

"Anapiga bunduki mukono gani?"

"Wa kuume, koko. Kama mimi."

Hapo, rafiki yangu, uani kukalipuka. Sijui kama mama zangu walikumbuka hatari au waliisahau, hata leo sijui. Walimrukia wote kwa pamoja. "Kushoto!" "Mutoto huyu hakuona kitu!" "Alikuwa amelala juu ya tonton yake!" Kijana alipandisha sauti, akaapa kwa mama yake, akamwonyesha kila mmoja jinsi Mrefu alivyochomoa bunduki pale mwisho, mbele ya nyumba iliyoungua. Alifanya hivyo kwa mkono wa kulia, na wanawake wakamcheka wakapiga makofi. Akarudia tena. Mwishowe alianza kucheka yeye mwenyewe, na jani moja likamwanguka kichwani.

"Kaa ule," Koko alimwambia. Alimtolea lituma kwenye sahani ya bati, na juu yake kipande cha samaki aliyekuwa amekaushwa kwa chumvi yetu ya mwisho. Kijana alinyoosha mkono wa kulia, akaukuta una bunduki. Akasita. Akaihamishia kushoto, akanawa, akaanza kula.

Koko alimtazama kwa upole. "Unaona sasa," alisema. "Ndiyo hivyo alivyokuwa anafanya."

Kijana alikata tonge jingine. Alikula polepole mpaka sahani ikang'aa. Aliposimama, alilitazama shuka tena kupitia mlangoni, kwa muda mrefu. Upepo ulilitikisa kidogo, au haukuwa upepo. Kisha akasema, "Koko, aksanti. Mimi sikuona mutu hapa." Akatoka, bunduki bado iko kushoto. Sikumwona tena, na katika dua zangu bado namwombea, popote alipo.

Tulipoingia chumbani tulimkuta mwalimu amekaa sakafuni, jasho limelowesha shati lake, na mkono wake umefunika mdomo. Tulidhani analia. Alikuwa analia na kucheka. "Mama," alimwambia Koko, "pale mulipokuwa munamubishia, kidogo nitoke nimutetee. Mutoto wa watu alikuwa anasema kweli!"

"Rudi nyuma ya shuka," Koko alisema.

Mungu alileta utulivu kwa wakati wake. Mgiriki alirudi, amekonda, na mashine ilikuwa nzima. Jumamosi ya kwanza tulilirushia maji shuka lile lile. Mwalimu alikuja amevaa shati jipya, akaweka kiti mbele kabisa, akamwomba Koko akikalie. Wazee wa msikiti walitazama pembeni, hakuna aliyekataza. Koko alikaa, mikono mapajani. Filamu ilikuwa ile ile. Alimtazama Mrefu akiingia kijijini, akamtazama akinywa maji. Mrefu alipochomoa bunduki kwa mara ya kwanza, kwa mkono wa kulia, Koko aliinuka hapo hapo. Akakishika kiti chake, akazunguka mti, akaja kukaa nasi kwenye mkeka uliolowa.

Asubuhi yake tulingoja kuliko siku zote. Koko alichovya kidole, akafumba macho.

"Ile ya mbele haina chumvi," alisema. "Ile yetu imekolea."

Kuanzia hapo mwalimu aliacha kubishana. Kila Mrefu alipogusa kiuno, alisema kwenye kipaza sauti, "Na sasa anapiga kwa mukono..." kisha akanyamaza. Mbele walipaza, "Kuume!" Nyuma tukapaza, "Kushoto!" Na kati yetu lilikuwepo shuka tu, linatiririsha maji na mwanga.

Leo uwanja ule umejaa vibanda vya kuuzia kadi za simu. Shuka liliisha kwa kufunikia vyungu vya lituma, kipande kwa kipande. Mwalimu alizeeka kwao Basoko, na kila Idi alituletea samaki. Koko amelala makaburini kwa ubavu wa kulia, kama alivyotaka. Sinema siku hizi inaingia mfukoni, kila mtu na yake, na hakuna wa kugombana naye bombani. Sinung'uniki. Niliyopewa yalikuwa mengi.

Lakini juzi, mjukuu wangu alipokuwa bado anangoja nyota zake, niliinuka na simu yake nikaenda mpaka kwenye kabati lenye kioo. Nilimwambia airudishe filamu mwishoni. Tukaielekeza simu kwenye kioo, tukatazama humo, mimi na yeye, vichwa vimegusana. Yule mtu wa kwenye farasi alishuka, akapangusa vumbi, akachomoa bunduki kwa mkono wa kushoto.

"Imekolea," nilimwambia. "Weka nyota zote."

Nawe uliyekaa nami mpaka hapa, Mungu akujalie nyumba isiyokosa chumvi na mlango usiomkataa mwenye kukimbia. Akuhifadhie mkono wako wa kulia uwe wa kupokea, wa kulisha na wa kusalimia, na siku ya mwisho akuite upande huo. Amina.